Kulanti ya pinki ya Toyota: nimebadilisha mwenyewe nyumbani Mtwara, je inastahili ile bei?

Nianze na jibu kwa wale msiopenda maneno marefu: ndio, nunua hii kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), hasa kama unaishi huku kwetu kusini na unaendesha hizi Toyota ndogo ndogo za kutoka Japani. Ila usinunue kwa sababu ya rangi wala kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye dumu, nunua kwa sababu imeshachanganywa na maji tayari kiwandani. Hoja yangu nzima ni hiyo. Na hapo hapo penye uzuri wake ndipo penye mtego wake, ambao wauzaji hawakwambii na mafundi wengi hawajali, nitaufikia.

Gari ni IST, ile ya mwanzo, injini 1NZ ya 1.5. Nilichonunua ni Toyota Super Long Life, hii ya pinki, dumu la lita tano, nikatoa noti tano za elfu kumi na chenji iliyorudi ilitosha soda na karanga. Duka lipo mjini huku huku Mtwara, silitaji maana sina ugomvi nao wala hawajanilipa, ila kijana wa kaunta alinichekesha. Nimeulizia ya pinki yeye ananiletea ya kijani, "kaka chukua hii, zote kulanti tu, mbona unataka kujiumiza, hii bei yake ni robo ya hiyo". Nikamwambia dogo lete zote mbili nisome. Dumu la kijani limeandikwa KULANTI kwa herufi kubwa, picha ya gari ya mashindano, picha ya theluji (theluji, Mtwara!), halafu hakuna mahali limesema ndani kuna nini, ichanganywe na maji kiasi gani au haihitaji kuchanganywa, hata tarehe ya kutengenezwa hamna. La pinki limeandika wazi kwamba ni ethylene glycol (kile kimiminika cha kemikali kinachochanganywa na maji), limeandika kwamba ni nusu kwa nusu na maji, na usiongeze maji. Nikachukua yote mawili, la kijani kwa ajili ya kuchunguza tu maana udadisi umenijaa na bei ilikuwa ya kuchezea.

Uchunguzi wenyewe nauelezea maana mtu yeyote anaweza kuufanya bila kifaa cha kitaalamu. Hii glycol ni nzito kuliko maji, kwahiyo lita moja ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu lazima izidi lita moja ya maji kwa gramu kama sabini hivi. Jirani yangu ni mama anayeuza korosho za kukaanga na ana mzani mzuri wa dijitali, nikamwomba, "mama, naomba mzani wako dakika mbili tu", akaniangalia, akasema "baba hiyo sumu yako usinimwagie kwenye korosho zangu", na kweli yuko sahihi ni sumu, tutalisema hilo. Nikachukua chupa tupu ya maji ya lita moja, nikachora mstari kwa kalamu shingoni, nikapima kwanza maji, kisha nikamwaga nikapima ya kijani mpaka mstari ule ule, kisha ya pinki. Ya pinki ilizidi maji kwa gramu sitini na kitu kukaribia sabini, hapo nikasema sawa. Ya kijani tofauti yake na maji ilikuwa ndogo mpaka mama korosho akasema "sasa hapa si umenunua maji". Uzito peke yake hauthibitishi kila kitu, mtu akitaka kukudanganya anaweza kuweka chumvi au sukari ikawa nzito vizuri tu, ila kitu ambacho hakijazidi maji hata kidogo hicho kimejihukumu chenyewe.

Na hapa wadau tuelewane kuhusu rangi. Rangi ni rangi tu, wanatia viwandani ili ukiona tone chini ya gari ujue limetoka wapi. Hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni hivi na nyekundu ni vile. Toyota za zamani zilikuwa na nyekundu, ambayo ilikuwa ya kubadilisha mapema zaidi, baadae ikaja hii ya pinki ambayo Toyota wanasema gari ikiwa mpya inaenda kilomita 160,000 ndo unaibadilisha kwa mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Sasa hizi zetu zimekuja na meli, zimeshikwa na mafundi wa kila aina, wengine wameongezea maji ya bomba, wengine ya kisima, kwahiyo hesabu ya kilomita sahau, we hesabu umeanza upya siku unayomwaga ya zamani.

Kwa nini nasema huku kwetu iliyochanganywa tayari ni bora. Kulanti nzito, ile ya kuchanganya mwenyewe, kwa lita inatoka nafuu, nakubali, lita mbili na nusu zinakupa tano. Lakini swali ni maji gani unachanganya. Maji yetu ya visima ya pwani hii mnayajua, ukichemsha chai mwezi mmoja sufuria imeshaota ukoko mweupe pembeni, na visima vya karibu na bahari vina chumvi unaisikia mdomoni. Ule ukoko ndo huo huo unaojijenga ndani ya rejeta na kwenye vijinjia vya silinda hedi (kichwa cha injini), mahali ambapo huwezi kuingiza brashi. Chumvi nayo inakula aluminiamu, na 1NZ bloku yake (mwili wa injini) ni aluminiamu, hedi ni aluminiamu, rejeta ni aluminiamu na plastiki, yaani karibu kila maji yanapopita kuna chakula cha chumvi.

Halafu kuna jambo jingine ambalo ukiongea na mafundi wengi hawalijui. Kulanti za Kijapani zina fosfeti ndani, hiyo ndo kinga yao ya aluminiamu, na fosfeti ikikutana na maji magumu yenye chokaa inaganda, inashuka chini kama unga. Ndo maana watengenezaji wa Ulaya kwa muda mrefu waliikwepa fosfeti, maji yao mengi ni magumu. Kwahiyo ukichukua kulanti nzuri ya Kijapani ukaichanganya na maji ya kisima cha Mikindani umeharibu vyote viwili kwa mpigo. Hii iliyochanganywa kiwandani imewekwa maji yaliyotolewa madini, hapo hakuna cha kubahatisha.

Utasema si nitanunua maji ya betri. Sawa, lakini soma chupa vizuri, kwenye maduka mengine ukisema maji ya betri unapewa asidi, na asidi kwenye rejeta sihitaji kueleza. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini, geuza lebo utaona yameorodheshwa. Kuna jamaa yangu wa mtaa wa Chikongola anakinga maji yanayodondoka kwenye eisii ya ofisini kwao, kwa unyevu wa Mtwara dumu linajaa kwa muda mfupi, hayo hayana chokaa na mimi nayaona yanafaa kusuuzia. Kuchanganyia kulanti ya kukaa humo miaka, hapana, maana yana vumbi la mashine.

Sasa kazi yenyewe nyumbani. Sitaandika kama kitabu cha fundi, nitasema yale yaliyonisumbua na yale yaliyokuwa mepesi.

Gari lazima iwe imepoa kabisa, sio imepoa kidogo, iliyolala usiku kucha. Mfuniko wa rejeta unashikilia presha, wa kwangu umeandikwa 1.1, maana yake ndani kuna presha ya ziada zaidi ya hewa ya kawaida, na presha hiyo ndo inafanya mchanganyiko usichemke mpaka upite nyuzi 120 na kitu. Ukifungua ikiwa ya moto presha inaondoka ghafla, kitu kilichokuwa kimetulia kinachemka chote kwa sekunde na kinakurukia usoni. Watu wameungua huku huku kwa kusimama Mingoyo gari imechemsha wakafungua kwa kitambaa. Kitambaa sio kinga ndugu zangu.

Kutoa ya zamani ni rahisi kuliko nilivyodhani. Chini ya rejeta pembeni kuna koki ya plastiki, inazungushwa kwa mkono, ukiilazimisha kwa plaizi itavunjika maana plastiki yenyewe ina umri wa gari. Nilivalisha mpira mwembamba mdomoni mwa koki, mwisho wa mpira kwenye beseni, nikafungua koki kidogo, kisha nikafungua mfuniko wa juu, ikatoka vizuri bila kumwagika chini. Kilichotoka ni rangi ya chai ya rangi, na chini ya beseni kulipotulia kukaonekana mchanga mchanga wa kahawia, ukiusugua kwa kidole unakwaruza. Hiyo ndo inayozunguka kwenye pampu ya maji na kula sili yake siku zote. Kile kikopo cha akiba nacho usikisahau, watu wengi wanabadilisha ya rejeta halafu kikopo kimebaki na tope, injini ikipoa inalivuta tope lote ndani tena. Mimi nilikichomoa kabisa nikakiosha na sabuni na mchele kidogo wa kusugulia ndani, kikatakata nikaanza kuona mistari ya FULL na LOW ambayo sikujua kama ipo.

Tatizo ni kwamba koki ya rejeta haitoi yote. Kwenye injini kama hii mfumo mzima unakaribia lita tano, ukifungua koki ya rejeta zinatoka kama tatu, nyingine zimekaa kwenye bloku na kwenye rejeta ndogo ya hita. Na hapa ndo penye ule mtego niliosema mwanzo. Chukulia umesuuza kwa maji safi mara kadhaa mpaka yanatoka meupe, umefurahi, umefungua koki zikatoka lita tatu, zile mbili zilizobaki ndani ni maji matupu. Unamimina lita tatu za pinki ambayo ni nusu kwa nusu. Piga hesabu: kulanti halisi uliyoingiza ni lita moja na nusu ndani ya lita tano, hiyo ni asilimia 30, sio 50 tena. Umenunua kitu ghali, umekifuata na masharti yake yote, halafu umekizimua mwenyewe bila kujua. Huku kwetu hakuna barafu kwahiyo gari haitaganda, lakini dawa ya kuzuia kutu nayo imepungua kwa kiwango hicho hicho, na kwa kulanti nyingi ukishuka chini ya theluthi kinga inaanza kuwa ya wasiwasi. Kwenye dumu hakuna mstari hata mmoja unaokueleza hili, na hapo nawapunguzia alama bila huruma.

Njia za kutoka kwenye mtego ni mbili. Ya kwanza ni kufungua pia nati ya bloku, iko kwenye injini yenyewe, pako pabaya mkono unapita kwa shida na ukiwa na mkono mnene utajuta, lakini ikifunguka maji ya bloku yanatoka karibu yote. Mimi nilifanya hivyo, ndo maana dumu moja lilinitosha na kikabaki kidogo cha kuongezea. Ya pili, kwa asiyetaka kugusa nati ya bloku: mimina ya pinki, endesha gari siku chache, toa tena ya rejeta, mimina nyingine mpya. Kwa hesabu ile ile ya juu utafika asilimia 42 hivi, panakubalika, ila sasa umenunua madumu mawili na ile hoja ya bei inakuja kukusalimia. Kuna na ya tatu ya wajuzi, kununua lita chache za ile nzito uanze nayo ili ijichanganye na maji yaliyobaki ndani, hesabu yake ni nzuri kuliko zote, ila kuipata hii nzito ya Toyota Mtwara mimi sijafanikiwa, ya pinki yenyewe kuna kipindi inaisha mpaka ije na basi kutoka Kariakoo.

Msije mkasema basi si nitie ile nzito tupu bila maji iwe kali zaidi. Hapana. Hiyo glycol tupu inabeba joto vibaya kuliko maji, maji ndo farasi hapo, glycol ni ya kupandisha kiwango cha kuchemka na kubeba dawa za kutu. Zaidi ya asilimia 70 unajiharibia.

Dawa ya kusafishia rejeta je? Ile chupa ndogo ya kumimina uendeshe gari dakika kadhaa kisha umwage. Nilinunua na sirudii. Kama rejeta yako imeziba kwa chokaa ngumu ile dawa laini haifanyi kitu, na kama ni kali ya kufanya kitu basi lazima isuuzwe mara nyingi sana isibaki hata tone, kitu ambacho kwa maji yetu na kwa bloku ambayo haitoi yote ni kazi ya kukesha. Kwangu ilitoa povu na rangi kidogo, baada ya hapo maji safi peke yake ndo yaliyofanya kazi. Hela yake ongezea kwenye mfuniko mpya wa rejeta, ule mpira wa ndani ukishakauka na kupasuka hata uweke kulanti ya dhahabu gari itachemsha, na ni kitu cha bei ndogo.

Kumwagia sasa. Unafunga koki zote, unamimina taratibu kabisa, sio kama unajaza ndoo, maana ukimimina haraka hewa inanaswa ndani. Unaminya minya mpira wa juu wa rejeta, unasikia glugluglu, mapovu yanapanda, unaongeza. Kisha washa gari mfuniko ukiwa wazi, hita weka kwenye moto hata kama jua la saa nne linakuchoma, ili maji yapite na kwenye ile rejeta ndogo. Mimi nilikata chupa ya soda ya lita moja na nusu nikaifunga mdomo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaichomeka kwenye tundu la rejeta kama faneli, ikawa iko juu kuliko injini yote, mapovu yakawa yanapandia humo na kulanti inashuka yenyewe. Madukani wanauza faneli maalumu ya kazi hiyo na wanaosifia wana haki, ila hii ya tyubu haikuvuja hata tone.

Subiri themostati (kile kilango kinachofunguka kwa joto ili maji yapite rejeta) ifunguke, kwenye 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 mpaka 84. Utajua kwa kushika mipira: wa juu na wa chini, ule uliokuwa wa baridi unapata moto ghafla. Usawa unashuka, unaongeza. Feni iwake, izime, iwake tena, mapovu yakikoma funga mfuniko. Mpira wa chini ukikataa kabisa kupata moto wakati injini imeshapata moto, zima, ama themostati imekufa ama una hewa.

Na kama ukichungulia ukakuta themostati haipo kabisa usishangae, maana kuna mafundi wetu dawa yao ya kila gari inayochemsha ni kuing'oa, "huku joto kaka, hiyo ya Ulaya". Gari inayotoka bila themostati injini haifiki joto lake hasa safari fupi fupi za Ligula na Shangani, inakula mafuta, na oili haipati kuchoma unyevu wake. Joto la hewa la nyuzi 30 na la injini la nyuzi 80 na zaidi wapi na wapi. Rudisheni themostati jamani.

Mzee mmoja wa mtaani alipita akanikuta nimelala chini ya gari. Shikamoo, marahaba, akauliza unafanya nini mwanangu, nikamweleza. Akasema yeye ameendesha lori la mzigo wa korosho enzi zake, Newala na Tandahimba zote, anaweka maji ya mtoni na gari haikufa. Sikubishana, maana anasema kweli. Injini za enzi hizo zilikuwa chuma tupu nene, rejeta ya shaba unaifungua unazibua kwa fimbo na kuchomelea, na yeye mwenyewe alikuwa anamwaga maji kila mara. Sasa hizi za kwetu ni aluminiamu nyembamba, njia za maji ndogo, rejeta ikiziba haizibuliwi, inatupwa. Mzee akacheka akasema "basi gari zenu ni za kishua", nikamwambia ndio hivyo mzee wangu.

Matokeo barabarani. Tangu niweke nimeshatoka nayo mpaka Masasi, na nikapandisha Newala kutokea upande huo wa Masasi, wanaoijua ile kona na ule mlima wanaelewa, eisii imewashwa, watu wanne na mizigo, pale juu nikasimama watoto waangalie Shimo la Mungu, nikasikiliza feni, ikazunguka kidogo ikazima. Kabla ya hapo kwenye mlima kama ule feni ilikuwa haipumziki. Sisemi ni pinki peke yake imefanya hivyo, kutoa lile tope na kuweka mfuniko mpya kuna mchango mkubwa, labda mkubwa kuliko kulanti yenyewe. Asubuhi ya pili yake nilifungua boneti kuangalia kikopo cha akiba, kilikuwa kimeshuka kidogo chini ya FULL maana hewa iliyobaki ilitoka, nikaongeza, haijashuka tena. Rangi bado pinki ya kung'aa, ukichovya tishu nyeupe inatoka safi.

Nisichokipenda kingine: dumu halina mdomo mzuri, ukiinamisha linakoroma na kurusha matone, na kifuniko chake ukishafungua mara ya kwanza hakishiki vizuri tena, la kwangu nimelifunga na nailoni. Na feki zipo. Angalia ile sili ya ndani ya karatasi ya fedha, angalia maandishi kama yamekwaruzika, nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta, sio kwa anayetembeza kwenye toroli.

La sumu nalisema kwa ukali. Hiki kitu kina ladha tamu, mbwa anakilamba, paka, kuku, mbuzi wa jirani, na mtoto mdogo pia, na kidogo tu kinaua figo. Beseni la ile ya zamani usiliache uani hata dakika tano ukaenda kuswali au kula, funika kwanza. Usimwage mtaroni wala karibu na kisima. Mimi niliijaza kwenye dumu nikaliandika SUMU kwa maka nyeusi na kuipeleka gereji wanakokusanya oili chafu. Na lile dumu la pinki likiisha ni zuri kweli, gumu, lina mshikio, najua kabisa mtu atataka kuliwekea mafuta ya taa au maji ya safari au, Mungu aepushie mbali, mafuta ya kula. Litoboe kwa msumari ulitupe.

Kwa wenye Toyota zote ndogo hizi, Vitz, Raum, Spasio, Passo, Premio, mimi nasema chukueni hii. Honda wana ya kwao ya bluu, Type 2, na wenye Volkswagen na BMW hizo zina masharti yao mengine kabisa, msije mkamimina ya Toyota kwa kuwa tu mmeona na ya kwenu nayo inafanana na pinki. Fungueni kitabu cha gari au angalieni maandishi kwenye kikopo cha akiba. Ile ya kijani niliyoipima kwa mama korosho bado iko stoo, naitumia kuoshea rimu, na hata rimu hazing'ai.